Shimo la njiani: nani anajibu, na sisi tuandike nini?

Usalama na Afya – Somo kwa watumishi na jamaa zao



Ndani ya mgodi tunajua sheria. Ukifika bila kofia ngumu, kapita anakurudisha. Shimo likichimbwa, linazungushwa kamba, na usiku linawekewa taa. Lakini sireni ikilia tunatoka getini, tunaingia katika njia ya watu wote. Huko kapita wa usalama hayuko. Kanivo iko wazi, mvua imekula ukingo wa barabara, kifuniko kimeondolewa. Mguu uliolindwa na kiatu cha chuma siku nzima unavunjika kwa dakika moja mbele ya soko.

Leo tutajifunza jambo ambalo si la dawa tu. Mtu akiumia kwa sababu njia ya watu wote ni mbovu, nani anajibu? Na sisi tufanye nini ili haki yake isipotee? Mimi ni munganga msaidizi, si avoka. Nimeuliza wanaojua sheria, nami ninawaeleza kama nilivyofahamu, kwa maneno mepesi.

1. Kosa langu mwenyewe

Miaka michache iliyopita, wakati wa mvua, fundi mmoja wa karakana alitoka nyumbani kabla ya jua kutoka, kwa posti ya asubuhi. Alikuwa juu ya kinga yake. Siku mbili mbele ya hapo, watu walikuja kuzibua kanivo iliyokata njia. Waliondoa bamba la simiti, wakaenda zao. Hawakuacha kamba, wala taa, wala hata tawi la mti. Maji ya mvua yakajaa mpaka juu, kanivo ikaonekana kama njia yenyewe. Gurudumu la mbele likaingia. Mfupa wa muundi ukavunjika na kutoboa ngozi.

Jamaa walimpeleka nyumbani kwanza. Wakamwaga majivu juu ya kidonda, wakafunga kwa kitambaa cha jikoni. Walifika kwetu kesho yake jioni, mguu umevimba na unanuka. Hospitali iliuokoa mguu, lakini ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Leo fundi yule anafanya kazi ya magazini, akiwa amekaa.

Mke wake aliniuliza: «Docta, baba wa watoto hakulewa, hakukimbia. Wale waliofungua kanivo, wao hawana neno?» Nilimjibu: «Pole mama, ni bahati mbaya.» Kisha nikajaza kadi. Pahali pa kuandika sababu ya kuumia, niliandika neno moja: «Ameanguka.»

Neno hilo moja lilimtesa mtu yule. Ameanguka wapi? Saa ngapi? Alikuwa anakwenda wapi? Ofisi ilipouliza kama aliumia akienda kazini ama akitoka kunywa, kadi yangu haikusema kitu. Ilibidi kumtafuta kapita wake, na jirani aliyemwinua majini, ili washuhudie. Miezi ikapita, nyumba ikaishi kwa mkopo. Na komini? Mjomba wake alipofika kule, bamba lilikuwa limekwisha kurudishwa. Hapakuwa na picha, wala prose-verbali, wala jina la shahidi. Aliulizwa: «Shimo gani?» Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa hiyo somo hili ninalitoa kama mtu anayelipa deni.

2. Mlango wa kwanza: ajali ya njia ya kazi

Mtumishi aliyeumia njiani ana milango miwili ya kupiga hodi. Wengi hawajui hata mmoja.

Mlango wa kwanza ni ule wa sikirite sosiali. Tangu amri-sheria ya tarehe 29 mwezi wa 6 mwaka 1961, na sasa katika sheria nambari 16/009 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016, ajali inayompata mtumishi akitoka nyumbani kwenda kazini, ama akitoka kazini kurudi nyumbani, inahesabiwa kuwa ajali ya kazi. Zamani ofisi hiyo iliitwa INSS. Sasa ni CNSS.

Uzuri wa mlango huu ni kwamba huulizwi nani alikosa. Hata kama hakuna mtu aliyekosa, hata kama uliteleza tu kwenye tope, haki ipo: matunzo ya ugonjwa, malipo ya siku ambazo huwezi kufanya kazi, na pensheni kama kilema kimebaki. Mtumishi akifa, mjane na mayatima nao wana sehemu yao.

Lakini kuna jambo moja wanalotazama sana: uwe katika njia yako ya kazi. Ukiiacha na kwenda mbali kwa mambo yako mwenyewe, na ukaumia huko, mlango unaweza kufungwa. Ndiyo maana pahali na saa ni vitu vikubwa. Mtu aliyeanguka kwenye njia panda ya kambi mwanzo wa posti anajulikana alikuwa anakwenda wapi. Mtu ambaye kadi yake inasema tu «ameanguka» hajulikani.

Fahamuni vema: mlango huu ni wa mtumishi. Mama aliyevunjika mkono akitoka sokoni na mtoto aliyetumbukia akienda masomoni hawapiti hapo. Kwao unabaki mlango wa pili.

3. Mlango wa pili: yule anayechunga njia

Mlango huu ni wa kila mtu, mtumishi ama si mtumishi. Unatoka katika kitabu cha sheria za madeni na mapatano, amri ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888. Ni ya zamani kuliko migodi yetu yote ya leo, lakini ingali inafanya kazi. Maneno yake matatu yanatutosha.

Kipengele cha 258: mtu yeyote anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, analazimishwa kuitengeneza.

Kipengele cha 259: kosa si tendo tu. Uzembe na kutoangalia ni kosa pia. Aliyefungua kanivo alitenda. Aliyejua iko wazi na akanyamaza alizembea.

Kipengele cha 260: mtu anajibu pia kwa vitu anavyovichunga, na kwa watu anaopaswa kuwajibia. Bwana anajibu makosa ambayo watumishi wake walifanya katika kazi aliyowapa.

Kwa hiyo anayedai anapaswa kuonyesha mambo matatu: kosa, hasara, na kamba inayoyafunga pamoja. Shimo peke yake halitoshi. Mguu uliovunjika peke yake hautoshi. Lazima ionekane kwamba mguu ule ulivunjika kwa sababu ya shimo lile.

Wengine watasema: «Sheria hiyo ni kwa watu kama sisi. Nani anaweza kushtaki serikali?» Hapo nilielezwa habari ya mti wa Bruges, nami ikanifungua macho.

Bruges ni mji wa Ubelgiji. Kulikuwa na mti mbovu katika pahali pa matembezi ya watu wote, mali ya mji. Mti ule ulianguka katika shamba la jirani, kompanyi ya mimea iliyoitwa La Flandria, ukaharibu mimea yake. Kompanyi ikadai. Siku zile wakubwa wa miji walizoea kujikinga: «Sisi ni utawala. Tribinali haiwezi kutuuliza namna tunavyotunza mali ya watu wote.» Tarehe 5 mwezi wa 11 mwaka 1920, korti kubwa ya Ubelgiji, inayoitwa Cour de cassation, ilikataa kinga hiyo. Ilisema kwamba utawala ukiharibu haki ya mtu kwa kosa lake, unajibu kama kila mtu mwingine.

Mti ule haukuvunja mguu wa mtu; uliharibu mimea tu. Lakini kama mji unajibu kwa mimea, je, kwa mguu wa baba wa watoto hautajibu? Na maneno ya kitabu cha Ubelgiji na ya kitabu chetu cha 1888 ni ya ukoo mmoja. Ndiyo maana wanasheria wa kwetu wangali wanaisoma hukumu ile.

4. Njia hii ni ya nani?

Kosa la kwanza la jamaa wengi ni kubisha mlango wa jirani. Wanakwenda komini kwa barabara ambayo si ya komini, wanaambiwa «si yetu», wanachoka. Tutofautishe:

– Barabara kubwa za taifa, kama nambari 1 inayopita Likasi na Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, ziko mikononi mwa Office des Routes, iliyoundwa mwaka 1971.

– Kwa njia za mji na kanivo zake kuna Office des Voiries et Drainage, iliyoundwa mwaka 1987.

– Komini nayo ina sehemu yake. Sheria nambari 08/016 ya tarehe 7 mwezi wa 10 mwaka 2008 inahesabu matunzo ya njia kati ya kazi za baraza la komini. Na kipengele cha 3 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema kwamba mji, komini, sekta na sheferi ni watu mbele ya sheria. Maana yake, komini inaweza kuwa na mali, inaweza kudai, na inaweza kudaiwa. Anayejibu ni komini yenyewe, si mfuko wa burugumesta. Basi hakuna sababu ya kwenda kumtukana mtu nyumbani kwake.

– Kama shimo lilichimbwa na mwenye kazi fulani, kwa ajili ya bomba la maji, waya wa umeme ama simu, yeye pia anajibu kwa kazi yake.

– Na njia za ndani ya usine, zilizo nyuma ya geti? Hizo kompanyi ndiyo inayozichunga. Lazima tuseme hivyo pia. Ukiona kanivo iliyo wazi huko, mwambie kapita siku ile ile.

Kama hujui njia ni ya nani, peleka barua moja, na kopi kwa wengine wote.

5. Majibu mtakayosikia

«Hatukujua kama shimo lipo.» Jibu hili lina nguvu kama shimo lilipasuka usiku ule ule kwa mvua kubwa. Halina nguvu kama lilikaa wiki tatu na watu wote wa avenyu wanalijua, ama kama watu wa komini wenyewe ndio walilifungua.

«Hatuna franga.» Ni kweli makomini mengi ni maskini. Lakini kuweka kamba, jiwe lililopakwa chokaa na taa moja hakuhitaji utajiri. Mwizi wa usalama si umaskini kila mara. Mara nyingi ni usahaulifu.

«Mwenyewe alikosa.» Hapa tusikilize vizuri, maana mara nyingine ni kweli. Kanuni ya barabara, sheria nambari 78/022 ya tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka 1978, inatuamuru sisi pia. Ukipanda kinga usiku bila taa, ukiwa umelewa, ama ukiwa umebeba watu watatu, tribinali inaweza kugawanya kosa: sehemu ya komini, sehemu yako. Malipo yanapungua kwa kadiri hiyo. Basi taa ya kinga inakukinga mara mbili, mwilini na mbele ya tribinali.

Na kama motokari ilikugonga ilipokuwa inakwepa shimo? Usisahau mwenye motokari. Tangu sheria nambari 73/013 ya tarehe 5 mwezi wa 1 mwaka 1973, analazimishwa kuwa na asiransi kwa ajili ya watu anaowaumiza. Andika nambari ya gari mbele ya yote.

6. Siku ya ajali: mwili kwanza, karatasi pili

Mwili kwanza. Hakuna malipo yanayorudisha mguu uliooza.

– Mtoeni mtu mahali pa hatari, lakini msimvute kwa mguu uliovunjika. Kama shingo ama mgongo unamuuma, msimkalishe wala msimgeuze ovyo.

– Damu ikitoka, gandamizeni kwa kitambaa safi. Kama mfupa umetokeza, funikeni kwa kitambaa safi na gandamizeni pembeni yake. Msiurudishe mfupa ndani. Msitie majivu, udongo, mafuta wala petroli.

– Fungeni mguu kwa mbao mbili zilizovikwa nguo, zikipita kiungo cha juu na kiungo cha chini ya pahali palipovunjika. Msikaze mpaka vidole viwe baridi.

– Asile wala asinywe, maana pengine atapasuliwa.

– Mleteni mara moja. Mfupa uliotoka nje unataka dawa na usafi katika saa za kwanza, si kesho yake. Hata kidonda kidogo cha kanivo kinataka sindano ya tetanosi, kwa sababu uchafu wa kanivo ni nyumba ya ugonjwa huo.

Karatasi pili. Wakati mmoja anampeleka mgonjwa, mwingine abaki njiani afanye haya:

– Piga picha za shimo kwa simu, karibu na mbali. Weka kiatu ama kofia kando yake, ili ukubwa uonekane. Picha ya mbali ionyeshe duka, kanisa ama nguzo, ili pahali pajulikane.

– Pima upana na kina. Andika kama kulikuwa na taa, kamba ama alama. Fanya hivi siku ile ile. Shimo linaweza kuzibwa kesho. Kuzibwa ni jambo jema kwa wapitaji, lakini ushahidi wako unazikwa humo.

– Andika majina ya mashahidi wawili ama watatu na pahali wanapokaa. Mashahidi wanahama, na kumbukumbu inahama pamoja nao.

– Iite polisi ya rulaji ama polisi ya mtaa, waandike prose-verbali. Shika nambari yake.

– Mjulishe kapita siku ile ile, kama aliyeumia ni mtumishi. Usingoje kupona.

Na ukifika mbele yetu, tuambie yote: saa, avenyu, ulikuwa unakwenda wapi, umeanguka katika nini. Kama munganga anaandika neno moja tu, mwombe kwa heshima aongeze. Una haki ya kuomba cheti cha siku ya kwanza, na cheti cha mwisho kinachosema nini kimebaki: mguu mfupi, goti lisilokunjika, maumivu. Chunga risiti zote, za dawa na za usafiri.

Onyo moja tena. Pengine mtu atakuja nyumbani na bahasha: «Chukua hizi, tia sahihi, maneno yaishe.» Kupatana si dhambi, na mara nyingi ni bora kuliko kesi ndefu. Lakini usitie sahihi mbele ya cheti cha mwisho. Goti linaloonekana limepona mwezi wa pili linaweza kukataa kukunjika mwezi wa sita, na wewe umekwisha kuandika kwamba hudai tena.

Kisha barua iende komini: nani, lini, wapi, shimo gani, madhara gani, unaomba nini. Tia kopi za karatasi, ubaki na asili. Omba kashe ya kupokea na tarehe juu ya kopi yako. Wasipojibu, ndipo mtafute avoka. Tribinali ya Amani ama Tribinali Kubwa itasikiliza, kufuatana na ukubwa wa malipo mnayodai.

7. Barua iliyo bora kuliko zote

Barua iliyo bora ni ile inayoandikwa mbele ya mtu kuanguka.

Katika mtaa tunapita kando ya kanivo iliyo wazi mwezi mzima. Tunawaonya watoto, tunatia tawi la mti, tunazoea. Tawi ni jambo jema mchana, usiku halionekani. Tieni jiwe lililopakwa chokaa ama gurudumu kuukuu lenye rangi nyeupe. Halafu watu watano wa avenyu watie sahihi barua fupi kwa mkubwa wa mtaa na kwa komini: «Kanivo mbele ya nyumba fulani iko wazi tangu tarehe fulani. Tunaomba ifunikwe.» Mngoje kashe.

Barua hiyo ina kazi mbili. Pengine komini itatuma watu na bamba litarudi. Hapo mmeokoa mguu wa mtu msiyemjua. Na wasipokuja, mtu akaumia, hakuna atakayeweza kusema tena: «Hatukujua.»

Yule fundi hakupata kitu kutoka komini, na sasa ni vigumu kupata. Sikirite sosiali ilimlipa mwishoni, kwa sababu kapita na jirani walisema kweli. Nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi kwa lile neno moja. Mke wake alinipa kiti na maji ya kunywa, akasema: «Docta, waambie wengine.» Basi ninawaambia.

Maswali ya kujipima nyumbani

1. Ajali ya njia ya kazi ni nini, na nani hana haki ya mlango huo?

2. Mambo matatu ambayo anayedai anapaswa kuonyesha ni yapi?

3. Njia inayopita mbele ya nyumba yenu, nani anaichunga?

4. Mtoto wenu akivunjika mguu leo jioni, nani atampeleka, na nani atabaki kupiga picha?

5. Ni shimo gani katika avenyu yenu linalongoja barua?